Kutoka Cheti hadi Kumbukumbu: Historia ya Ukaguzi wa Magari Yaliyotumika na Nafasi ya Mnunuzi wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia jinsi ukaguzi wa lazima wa magari ulivyobadilika, katika muda wa takriban miongo sita, kutoka kuwa cheti cha siku moja kilichoonyeshwa kwa askari wa barabarani hadi kuwa kumbukumbu ndefu inayosomwa na mnunuzi wa gari kuukuu kabla ya kutoa fedha zake. Mifano mikuu ni Uingereza na Japani, nchi ambazo mifumo yao ya ukaguzi ina uhusiano wa moja kwa moja na magari yanayoingia Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba mnunuzi wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam hupokea gari lenyewe lakini mara nyingi hapokei historia yake, kwa kuwa historia hiyo imefungwa kwenye namba, lugha na sheria ambazo hazivuki mpaka pamoja na gari. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza hatua ambazo mamlaka za kanda zinaweza kuzichukua bila kusubiri teknolojia mpya.

Istilahi za msingi: ukaguzi wa magari, magari yaliyotumika, kumbukumbu, namba ya chasisi, sera ya uchukuzi

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inafaa katika soko la nazi au la nguo, ambako mnunuzi anaweza kugusa, kunusa na kulinganisha. Katika soko la magari yaliyotumika haifai sana. Gari bovu lililopakwa rangi upya na kuoshwa injini linaweza kujiuza vizuri kuliko gari zima lenye vumbi. Ubovu wake hauonekani siku ya mauzo. Huonekana miezi sita baadaye, fundi anapoinua mkeka wa sakafu na kukuta kutu, au dereva anapokanyaga breki kwenye mteremko na gari lisisimame.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alilieleza tatizo hili kwa kutumia soko la magari yaliyotumika kama mfano wake mkuu. Muuzaji anajua hali halisi ya gari, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hukubali kulipa bei ya wastani tu. Bei hiyo huwakatisha tamaa wenye magari mazuri, nao huyaondoa sokoni, na mabovu hubaki. Kazi hiyo ilichangia Akerlof kupewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2001. Ni wazi kwamba tiba ya tatizo hilo ni taarifa. Swali la makala haya ni la kihistoria: taarifa kuhusu hali ya gari zilianza vipi kukusanywa, ni nani aliyekusudiwa kuzisoma, na kwa nini zinakatika njiani kabla ya kumfikia mtu anayezihitaji zaidi?

Swali hili si la wanunuzi pekee. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Nairobi, iliyotolewa mwaka 2020, ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani, na takriban asilimia 80 yalikwenda katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Afrika ni miongoni mwa wapokeaji wakubwa. Kwa hiyo, historia ya ukaguzi katika nchi za nje ni sehemu ya historia ya barabara zetu.

2.0 Chimbuko la wazo la ukaguzi

Wazo la kwamba mtu asiye mmiliki wala mtengenezaji aikague mashine kwa manufaa ya umma ni la zamani kuliko gari. Nchini Ujerumani lilianzia kwenye matangi ya mvuke. Mwaka 1865 tangi la mvuke lililipuka katika kiwanda cha bia mjini Mannheim, na mwaka uliofuata wenye viwanda wa eneo hilo waliunda chama cha kuyakagua matangi yao wenyewe kupitia wahandisi huru. Vyama vya aina hiyo vilienea, na ndivyo vilivyozaa taasisi za ukaguzi wa kiufundi ambazo baadaye zilikabidhiwa kazi ya kukagua magari. Ukaguzi wa magari kwa vipindi maalumu ukawa wa lazima katika Ujerumani Magharibi mwaka 1951, na tangu mwaka 1961 kibandiko cha ukaguzi kikawa kinabandikwa kwenye kibao cha namba.

Chimbuko hili liliacha kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba mkaguzi asiwe na maslahi katika matokeo ya ukaguzi. Ya pili ni kwamba ukaguzi urudiwe, kwa sababu mashine iliyo salama leo huchakaa. Hata hivyo, hakuna kati ya kanuni hizo iliyomtaja mnunuzi. Aliyelindwa alikuwa mpita njia. Cheti kilikuwa ni mazungumzo kati ya mmiliki na dola, na kiliposhamaliza muda wake kilitupwa.

3.0 Uingereza: ukaguzi unapoanza, 1956 hadi 1967

Uingereza ilichelewa kidogo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1956 iliipa Wizara ya Uchukuzi mamlaka ya kuanzisha ukaguzi, lakini utekelezaji ulianza Septemba 1960, Ernest Marples akiwa waziri. Mwanzoni ukaguzi ulikuwa wa hiari, kisha ukawa wa lazima mwezi Februari 1961. Ulihusu magari yenye umri wa miaka 10 na zaidi, na ulitazama mambo matatu: breki, taa na usukani.

Matokeo ya awali yaliwashtua wahusika. Magari mengi yalishindwa kiasi kwamba kabla ya mwaka 1961 kwisha, umri wa kuanza kukaguliwa ulishushwa hadi miaka 7. Mwaka 1967 ulishushwa tena hadi miaka 3, na hapo ndipo ulipobaki. Orodha ya vitu vinavyokaguliwa nayo ilirefuka. Tairi ziliongezwa mwaka 1968. Mwaka 1977 ziliongezwa wipa, taa za ishara, honi, ekzosi, na hali ya bodi na chasisi. Mwaka 1991 ukafuata upimaji wa moshi wa injini za petroli.

Nyongeza ya mwaka 1977 inastahili kutazamwa kwa makini. Breki, taa na tairi ni vitu vinavyobadilishwa kwa saa chache gereji. Bodi na chasisi ni mwili wenyewe wa gari. Kutu iliyokula vizingiti vya milango au mihimili ya chini haitibiki kwa kununua kipuri. Ukaguzi ulipoanza kutazama kutu, ulianza kuandika jambo ambalo haliwezi kufutwa kirahisi, yaani uzee wa gari. Katika nchi yenye baridi na mvua, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, kutu ndiyo iliyoamua maisha ya magari mengi.

Tofauti na Ujerumani, Uingereza ilikabidhi ukaguzi kwa gereji binafsi zilizoidhinishwa, ambazo pia hufanya matengenezo. Ireland ya Kaskazini pekee ndiyo iliyotumia vituo vya serikali. Uamuzi wa kutumia gereji ulisogeza huduma karibu na wananchi, lakini uliiweka kanuni ya kwanza ya Mannheim katika majaribu. Gereji inayokagua inaweza kuvutwa upande mmoja na tamaa ya kutafuta kazi ya matengenezo, na upande wa pili na haja ya kumridhisha mteja wa siku nyingi. Serikali ilijibu majaribu hayo kwa kuwasimamia wakaguzi na kuwanyang'anya leseni waliokiuka kanuni, bila kuuvunja mfumo wenyewe.

4.0 Cheti cha karatasi na mipaka yake

Kwa zaidi ya miaka 40 ushahidi wa ukaguzi nchini Uingereza ulikuwa kipande cha karatasi. Mnunuzi mwangalifu alimwomba muuzaji rundo la vyeti vya miaka iliyopita, akavipanga kwa tarehe, akalinganisha masafa yaliyoandikwa. Muuzaji mwangalifu alivitunza kwenye bahasha pamoja na risiti za gereji. Rundo hilo ndilo lililokuwa historia ya gari, na liliishi au kufa kwa hiari ya mmiliki.

Karatasi ilikuwa na udhaifu wa aina tatu. Kwanza, vitabu vya vyeti vitupu viliweza kuibwa na kujazwa na matapeli. Pili, cheti cha kufaulu hakikusema gari lilishindwa mara ngapi kabla yake, na muuzaji hakuwa na sababu ya kutunza karatasi ya kushindwa. Tatu, cheti kilieleweka vibaya. Kinathibitisha kwamba gari lilitimiza kiwango cha chini cha usalama wakati wa ukaguzi. Hakisemi chochote kuhusu siku iliyofuata, na ukaguzi wenyewe haugusi hali ya injini, klachi wala giaboksi. Mnunuzi aliyesema "gari lina cheti kipya" akidhani amesema "gari ni zima" alikuwa amesema mambo mawili tofauti.

Udhaifu huu wa tatu haujatibiwa hadi leo, wala hautatibiwa na mfumo wowote, kwa kuwa unatokana na asili ya ukaguzi. Udhaifu wa kwanza na wa pili ndio uliopatiwa dawa.

5.0 Cheti kinapogeuka kumbukumbu, 2005 na kuendelea

Kati ya mwaka 2005 na 2006 vituo vyote vya ukaguzi vya Uingereza viliunganishwa na hifadhidata moja. Lengo lililotangulia lilikuwa la kiserikali: kuzuia vyeti bandia na kumwezesha askari au ofisi ya kodi ya magari kujua papo hapo kama gari limekaguliwa. Lakini hifadhidata ina tabia ambayo karatasi haina. Haitupi. Kila ukaguzi, uliofaulu na ulioshindwa, ulibaki mahali pamoja na tarehe yake, masafa yaliyosomwa na sababu za kushindwa. Baadaye kumbukumbu hizo zilifunguliwa kwa umma, na sasa yeyote mwenye namba ya usajili wa gari anaweza kuzisoma bila malipo.

Hapo ndipo msomaji wa cheti alipobadilika. Kilichoandikwa kwa ajili ya dola kikaanza kusomwa na mnunuzi. Mageuzi ya Mei 2018 yaliirahisisha kazi yake zaidi: kasoro ziligawanywa kuwa za hatari, kubwa na ndogo, na chini yake zikawekwa tahadhari, yaani mambo ambayo hayajafikia kiwango cha kuliangusha gari lakini yanaelekea huko.

Kusoma kumbukumbu hizi ni stadi, na wanahistoria wataitambua kuwa ni stadi yao. Msomaji hutafuta mwelekeo, si tukio moja. Masafa yaongezeke mwaka hadi mwaka kwa kiasi kinachoaminika. Yakipungua, ama mita imerudishwa nyuma, ama mkaguzi alikosea kuandika, na ukaguzi unaofuata ndio utakaotoa hukumu. Tahadhari ya kutu kwenye mabomba ya breki inayojirudia miaka mitatu mfululizo inamweleza mnunuzi mambo mawili: kwamba bomba linachakaa, na kwamba mmiliki alisoma onyo mara tatu akalipuuza. Tairi zilizokwisha kila ukaguzi unapofika humwonyesha mmiliki anayesubiri kulazimishwa. Gari lililoshindwa asubuhi kwa kasoro nyingi na kufaulu jioni ya siku hiyo hiyo linastahili maswali kuhusu aina ya matengenezo yaliyofanyika katikati.

Pengo la miaka nalo lina maana, ila halina maana moja. Gari linaweza kuwa lilitangazwa rasmi kuwa haliko barabarani, likahifadhiwa. Linaweza kuwa lilitembea bila cheti. Kama pengo ni la mwaka 2020, linaweza kuwa limetokana na janga la UVIKO-19, kwa sababu serikali iliwaongezea miezi sita wamiliki ambao vyeti vyao viliisha kuanzia mwishoni mwa Machi mwaka huo. Asiyejua jambo hilo atamshuku muuzaji mwaminifu. Vilevile, tangu 2018 magari mengi yaliyotimiza miaka 40 yamesamehewa ukaguzi, hivyo kumbukumbu zake zinaweza kukoma ghafla pasipo udanganyifu wowote. Hati haijielezi yenyewe. Inahitaji kuwekwa katika wakati wake.

Ubelgiji ilikwenda hatua moja mbele. Kwa sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutekelezwa mwishoni mwa 2006, masafa ya gari huandikwa katika hifadhidata ya taifa kila linapofika kituo cha ukaguzi au gereji, na muuzaji wa gari lililotumika analazimika kumkabidhi mnunuzi hati yenye mfululizo wa masafa hayo. Asipoikabidhi, mnunuzi anaweza kudai mauzo yabatilishwe. Uingereza ilimpa mnunuzi haki ya kutazama. Ubelgiji ilimpa muuzaji wajibu wa kuonyesha. Tofauti hiyo ni kubwa, na tutairejea.

6.0 Japani: ukaguzi unaolisukuma gari nje ya nchi

Kwa Uganda, Kenya na Tanzania, nchi ambazo gari huendeshwa upande wa kushoto na usukani huwa kulia, chanzo kikuu cha magari yaliyotumika ni Japani. Mfumo wa Japani unatokana na Sheria ya Magari ya Uchukuzi wa Barabarani ya mwaka 1951. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Haikuwa hivyo siku zote: hadi mwaka 1983 ukaguzi wa kwanza ulikuwa baada ya miaka 2, na hadi mageuzi ya mwaka 1995 magari yaliyozidi miaka 10 yalikaguliwa kila mwaka.

Jambo la pekee katika mfumo huu ni kwamba siku ya ukaguzi ni siku ya malipo mengi. Pamoja na ada na matengenezo, mmiliki hulipia bima ya lazima na kodi ya uzito wa gari, na kodi hiyo hupanda gari linapotimiza miaka 13, kisha tena linapotimiza miaka 18. Mmiliki wa gari kuukuu hujiuliza kama inafaa kulipa yote hayo kwa gari lenye thamani ndogo. Wengi huamua kuliuza kabla ya tarehe ya ukaguzi kufika. Si sababu pekee ya Japani kuuza magari mengi nje, lakini inaeleza kwa nini gari linalofika Mombasa mara nyingi ni gari ambalo mmiliki wake aliamua kutolipeleka kwenye ukaguzi mmoja zaidi. Mnunuzi wa huku hupata gari kutoka nchi yenye ukaguzi mkali, ila hupata katika kipindi ambacho ukaguzi wa mwisho unakaribia kuzeeka.

Kumbukumbu za Japani zipo na ni nzuri. Tangu mwaka 2004 masafa yanayosomwa kwenye ukaguzi huandikwa katika cheti. Zaidi ya hapo, gari linalopita mnadani huandikiwa hati yenye daraja la hali yake, mchoro unaoonyesha mikwaruzo na michubuko, na alama maalumu kwa gari lililowahi kupata ajali kubwa likatengenezwa. Lakini hati hizi zimeandikwa kwa Kijapani, na hati ya mnada ni mali ya wafanyabiashara. Tangu Januari 2023 cheti cha ukaguzi kimeanza kutolewa kama kadi ndogo yenye chipu, na baadhi ya taarifa zilizokuwa zikisomeka kwenye karatasi, ikiwamo tarehe ya mwisho ya ukaguzi, sasa zimo ndani ya chipu. Hatua hiyo ni ya maendeleo kwa Mjapani mwenye kifaa cha kusomea. Kwa mnunuzi aliye ng'ambo, karatasi sasa inasema machache kuliko zamani.

7.0 Bandarini: mahali kumbukumbu inapokatika

Nchi za kanda hii zimejilinda kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kikomo cha umri. Kenya, kwa kiwango chake cha KS 1515 cha mwaka 2000, hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Njia ya pili ni ukaguzi wa ulinganifu na viwango. Kenya ilianza mwaka 2005 kudai bidhaa zithibitishwe zikiwa bado katika nchi zinakotoka, na magari yaliyotumika yakaingia katika utaratibu huo. Tanzania mwaka 2021 iliuhamishia ukaguzi wa magari yaliyotumika katika bandari ya Dar es Salaam.

Hatua hizi zina manufaa, lakini zinarudia historia ya Uingereza kuanzia mwanzo wake. Kikomo cha umri kinauliza swali moja tu, ambalo si swali bora. Gari la miaka 12 lililotunzwa linaweza kuwa salama kuliko gari la miaka 6 lililogongwa na kuungwa. Hata namna ya kuhesabu umri inatofautiana: Kenya inahesabu tangu usajili wa kwanza, Uganda tangu kutengenezwa, na gari linaweza kukaa miezi kadhaa kati ya tarehe hizo mbili. Ukaguzi wa bandarini nao ni cheti cha siku moja, kama kile cha mwaka 1961. Unasema gari lilikuwaje siku hiyo. Hausemi lilifikaje hapo.

Kiini cha tatizo kinaonekana tukifuatilia namba. Kumbukumbu za Uingereza hutafutwa kwa namba ya usajili. Gari la Uingereza likifika Mombasa hupewa namba ya Kenya, na kibao cha zamani hutolewa. Mnunuzi wa pili au wa tatu, asiyekuwa na hati ya awali, anaweza kuwa na intaneti, anaweza kujua kwamba kumbukumbu ziko wazi kwa dunia nzima, na bado asiweze kuzifikia kwa sababu hajui gari lake liliitwaje lilikotoka. Gari la Japani lina shida nyingine. Namba ya utambulisho ya tarakimu na herufi 17, iliyotokana na kiwango cha kimataifa cha mwaka 1977 na kuwa ya lazima kwa magari ya Marekani ya kuanzia mwaka 1981, haitumiki katika magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani. Hayo yana namba fupi ya chasisi inayounganisha alama ya modeli na namba ya mfululizo. Huduma za kimataifa za kutafuta historia ya gari, ambazo zimejengwa juu ya namba ya tarakimu 17, hazilitambui gari hilo hata kidogo.

Gari moja, basi, hubeba majina matatu: la kule lilikotoka, la chasisi na la hapa. Ni jina la pili pekee linalodumu kutoka kiwandani hadi chuma chakavu, nalo ndilo tunalolitumia kidogo zaidi. Uchunguzi wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu magari yanayosafirishwa kwenda Afrika kupitia bandari zake uliona kwamba mengi yalikuwa na umri wa kati ya miaka 16 na 20, na kwamba mengi hayakuwa na cheti halali cha ukaguzi yalipoondoka. Taarifa hiyo ilijulikana kwa sababu nchi inayouza ilikuwa na kumbukumbu. Nchi zinazonunua zingeweza kuijua pia, kama kumbukumbu zingesafiri na gari.

8.0 Mjadala: mafunzo kwa watunga sera

Historia iliyoelezwa hapo juu inatoa mafunzo manne. La kwanza ni kwamba kumbukumbu ya umma ilipatikana Uingereza kama zao la ziada. Haikuhitaji ukaguzi mpya. Ilihitaji matokeo ya ukaguzi uliokuwapo yasitupwe. Mamlaka za kanda tayari hukagua magari ya abiria kwa vipindi, na Rwanda ina kituo cha polisi cha ukaguzi wa magari mjini Kigali. Matokeo hayo, yakihifadhiwa kwa namba ya chasisi pamoja na masafa na kasoro zilizoonekana, na yakifunguliwa kwa mnunuzi, yangeanza kujenga historia ya gari kuanzia siku linapoingia. Miaka mitano ya kumbukumbu hizo ingekuwa na thamani kuliko cheti chochote cha bandarini.

La pili linahusu mpaka. Hati ya mwisho ya ukaguzi ya nchi linakotoka gari, pamoja na namba yake ya usajili ya awali, iwe sehemu ya nyaraka za forodha na ibaki katika rekodi ya usajili. Gharama yake ni ndogo, kwa kuwa muuzaji wa nje huwa nayo. Bila hatua hii, mamlaka inaifuta historia kwa kutoiandika tu.

La tatu ni kuhusu nani abebe mzigo. Kumwambia mnunuzi awe mwangalifu ni ushauri mwema, lakini unamwachia kazi mtu mwenye taarifa kidogo zaidi. Mwalimu wa Mbarara anayekopa kwenye chama cha akiba ili anunue gari la kwanza hana uwezo sawa na mfanyabiashara aliyeagiza magari mia. Njia ya Ubelgiji, ya kumlazimisha muuzaji kukabidhi hati, inaelekeza wajibu mahali penye taarifa.

La nne ni la lugha, na linatuhusu sisi wanachama wa kongamano hili zaidi ya wengine. Kumbukumbu isiyosomeka haina tofauti na kumbukumbu isiyokuwapo. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo mashariki hukutana sokoni kwa Kiswahili, na gari lililosajiliwa nchi moja huweza kuishia nyingine. Mafundi wetu wana msamiati tajiri wa kasoro za magari, lakini hati rasmi huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Kusanifisha istilahi za ukaguzi, kuanzia kasoro ya hatari hadi tahadhari, ni kazi ambayo wanaleksikografia wanaweza kuifanya pamoja na wakaguzi, na matunda yake yangepimwa barabarani.

Ipo hoja ya upinzani inayostahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba kumbukumbu hazina maana pale ambapo ukaguzi wenyewe unaweza kununuliwa. Ni kweli kwamba cheti cha hongo kikihifadhiwa vizuri kinabaki kuwa uongo uliohifadhiwa vizuri. Lakini historia inaonyesha kwamba kumbukumbu humfunua pia mkaguzi. Gari lililofaulu Jumatatu likashindwa mwezi uliofuata kwa kutu iliyochukua miaka kuota linatoa ushahidi dhidi ya aliyelipitisha. Cheti cha karatasi hakikuweza kutoa ushahidi huo, kwa kuwa kilisimama peke yake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ukaguzi wa magari ulianza kwa ajili ya usalama wa wapita njia, ukawa chombo cha dola, na mwishowe, bila kupangwa sana, ukawa msaada mkubwa kwa mnunuzi. Mabadiliko hayo hayakutokana na ugunduzi wa kiufundi wa kuliona gari kwa undani zaidi. Yalitokana na uamuzi wa kutunza kilichokwisha kuonekana na kukifungua kwa anayehusika. Afrika Mashariki imenunua magari ya Uingereza, Ubelgiji na Japani kwa miongo kadhaa, na mara nyingi imeziacha historia zake ng'ambo. Kwa kuwa namba ya chasisi haibadiliki, hakuna kinachozuia kuanza kuandika sasa. Gari linaloshushwa bandarini leo litauzwa mara mbili au tatu zaidi kabla ya kuwa chuma chakavu, na kila mnunuzi wa baadaye atategemea kilichoandikwa, au kilichoachwa kuandikwa, na wale waliolipokea kwanza.